Moshi wa Kambi ya Tatu

"Ushongo?" Consolata aliuliza, mwiko mkononi. "Tukafanye nini Ushongo?"

"Tukatembee," alisema mumewe.

Neno hilo lilikuwa geni ndani ya nyumba ile. Watu wa Kambi ya Tatu, kambi ya wafanyakazi wa shamba la mkonge, huenda sokoni, huenda msibani, huenda hospitali, na wakifukuzwa huenda zao. Kutembea, kule kwa kufunga mzigo na kwenda kulala mahali pasipo mgonjwa wala maiti, ni jambo la watu wanaopita barabarani na magari yaliyofungwa vioo, wakitoka Tanga kuelekea Pangani, wakiachia mashamba ya mkonge vumbi lao. Fanueli alilitamka akiwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, uso ameuelekeza mlangoni. Siku hizi aliufuata mwanga popote ulipokuwa.

Jicho lake la kulia lilitobolewa na ncha ya mkonge akiwa kazini. La kushoto nalo likaanza kufifia kidogo kidogo, na daktari hakumficha: dawa ya matone ingechelewesha giza tu, isingeliponya jicho. Baada ya kuzungushwa sana, ofisi ya shamba ilimlipa fidia. Nyumbani waliiita pesa ya jicho. Haikutosha kiwanja, haikutosha cherehani na ada kwa pamoja, na Consolata alikuwa ameshaigawa kichwani mara nyingi bila kupata jibu.

"Baba, Ushongo ni kwa Wazungu," alisema Anold, kijana wao wa kidato cha pili, akicheka. "Tutakaa wapi? Juu ya mnazi?"

"Kijijini kuna watu wanapangisha vyumba. Nimeshauliza."

"Umemuuliza nani?" Consolata aligeuka. "Umemwambia nani kwamba tuna pesa?"

"Dereva wa bodaboda. Si mtu wa hapa."

Yudith, dada yake Anold, aliyekuwa akichambua mchicha kizingitini, alisimamisha mikono. Alikuwa kidato cha nne. Shuleni wenzake walikuwa na picha za Ushongo, mchanga mweupe na maji ya kijani, na yeye aliyezaliwa mwendo mfupi kutoka bahari ile alikuwa akizitazama kama mtu wa Dodoma.

"Marehemu baba alinipeleka mara moja," Fanueli alisema. "Mnyapara alimpa ruhusa ya Krismasi. Tulikula samaki, nikaingia majini, nikamwona baba yangu anacheka. Sikuwahi kumwona anacheka kabla ya hapo, na sikumwona tena. Nataka niwaone hawa watoto ndani ya maji, Mama Yudith. Niwaone kwa macho. Nikishawaona, giza lije likitaka."

Consolata aligeukia sufuria yake akakoroga mboga iliyokwisha kuiva. Alilia, lakini moshi wa kuni una faida zake, hakuna anayemuuliza mpishi kwa nini analia.

"Basi mtu asijue," alisema mwishowe. "Mmenisikia? Mtu yeyote asijue."

*

Hakuwa na roho mbaya, mama huyu. Alikuwa akiijua kambi. Tangu Fanueli aumie, majirani walikuwa wakiwaletea unga, mafuta, mara kipande cha sabuni. Watu wenyewe hawana, wanajinyima. Anayesaidiwa ana heshima zake za kutunza, na ya kwanza ni kutoonekana anafurahi. Akivaa nguo mpya atasemwa. Akicheka sana atasemwa. Akienda kuogelea Ushongo na watoto wake, basi hata huo unga aliokula jana utarudi kumdai.

Lakini kuondoka kimya kimya pia hakukuwezekana, kwa sababu ya moshi.

Zamani za manamba, wale vibarua wa mkataba wa enzi za ukoloni, watu walipokuwa wakitoroka mashamba kwa kuchoka kazi, mnyapara alipita alfajiri kutazama majiko. Jiko lisilotoa moshi lilimaanisha mtu amekwenda zake, na nyumba ilipewa mwingine kabla jua halijawa kali. Manamba wamekwisha, desturi ikabaki. Mtu wa Kambi ya Tatu akisafiri hafungi kufuli. Hufunga mlango kwa kamba ya katani, kisha humwomba jirani amwashie moto jioni na asubuhi. Meneja mpya, aliyekuwa akitafuta nyumba za wakataji wanaokuja kwa lori kutoka Kigoma, aliipenda sana desturi hiyo. Akaifanya amri: jiko likikosa moshi jioni na asubuhi yake, nyumba imehamwa. Na nyumba ya Fanueli ilikuwa ya kwanza machoni pake. Mwenyewe hakati tena mkonge. Mkewe huanika katani kwa kibarua cha siku, na kibarua hapewi nyumba. Walikuwa wakiishi pale kwa sababu tu hapajatokea sababu ya kuwatoa.

Kwa hiyo Ijumaa jioni Consolata alikwenda nyumba ya pili, kwa Asmahani, Mama Nasma. Huyu ni Mdigo mnene, mwenye sauti ya kuitia watu upande wa pili wa shamba, na walikuwa wakipeana moto na chumvi tangu watoto wao wakiwa mgongoni.

"Mama Nasma, hodi."

"Karibu, shoga. Mbona uso umekukauka?"

"Nakuomba uniwashie jiko. Kesho tunampeleka Baba Yudith hospitali ya Bombo. Jicho limezidi. Huenda wakamlaza."

Uongo ulimtoka kirahisi, akashangaa mwenyewe.

"Ya Rabi!" Asmahani aliweka chini kinu. "Na watoto mwawaacha na nani? Nleteeni hapa."

"Twaenda nao. Daktari ataka kuwapima na wao. Ati huenda ni ya kurithi."

Uongo hauzai mtoto mmoja. Asmahani alimshika mkono mwenzake akaubana, machozi yamemlenga. "Nenda, dada. Moto usiwe na wasiwasi nao. Mie nipo, jiko lako litawaka. Makumbi ya nazi ninayo tele."

Consolata alirudi nyumbani akidhani amemaliza. Jua lilikuwa halijazama, wanawake wakaanza kuingia, mmoja mmoja, wamejitanda khanga. Asmahani alikuwa amepita nyumba kwa nyumba. Mmoja ametoa pesa ya mchele, mwingine ya kusagisha, mwingine aliazima. Wakaziweka mkononi mwa Consolata zikiwa zimekunjwa ndogo ndogo, kama wanaoona haya kwa uchache wake. Asmahani aliongeza mayai ya kuchemsha kwenye kifuko.

"Mgonjwa hapelekwi mikono mitupu," alisema. "Mpe ale njiani apate nguvu."

Fanueli alikuwa nyuma ya nyumba akioga, hakusikia. Yudith alisikia yote. Alimtazama mama yake, na mama yake alitazama mlango. Hapo palikuwa na nafasi ya kusema kweli, na wengine mtasema angesema. Jaribuni ninyi, mbele ya wanawake waliokwisha kujinyima chakula cha kesho. Consolata alisema ahsanteni, Mungu awalipe. Alizifunga zile pesa kwenye pindo la khanga, fundo kali, akaapa kimoyomoyo kwamba hatalifungua mpaka azirudishe.

*

Walifika Ushongo Jumamosi mchana. Walikuwa wamevuka mto kwa kivuko pale Pangani, Anold akiwahesabia watu sifa za daraja jipya linalojengwa kana kwamba ni lake. Chumba walichopangishwa kilikuwa cha Bi Saleha, mjane wa kijijini, chenye kitanda kimoja na mkeka. Watoto walifurahia hata choo chake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu. Mmekuja kutembea?"

"Ndiyo, bibi," alisema Yudith, na neno likampa raha mdomoni.

Jumapili asubuhi walishuka ufukweni. Maji yalikuwa yamejaa, ya kijani kweli kama kwenye picha. Walikuwa hawajavua viatu, akaja mlinzi wa hoteli, kijana mwenye kirungu, akasimama kwa adabu.

"Shikamoo mzee. Naomba msogee kule mbele. Hapa wageni wanapumzika."

"Na sisi ni wageni," alisema Fanueli.

"Najua, mzee. Ila wageni wa hoteli."

"Mwanangu, bahari nayo ni ya hoteli?"

"Bahari ya Mungu, mzee. Lakini mimi nimeajiriwa na wenye viti."

Anold alikunja uso, akataka kujibu. Baba yake alimshika bega. Wakasogea hadi kijijini, pale samaki wanapoparwa na magamba yamejaa mchangani. Wazungu wawili waliokuwa kwenye viti waliwapungia mkono kwa moyo mweupe. Yudith alipunga pia, kisha akajichukia.

Lakini maji ni maji. Yalipomfika Anold kiunoni alisahau hasira yake yote, akapiga kelele kama mtoto mdogo, akamvuta dada yake, wakaanguka pamoja. Fanueli alikunja suruali akaingia mpaka magotini. Mwanga wa jua juu ya maji ulimchoma lile jicho moja kama pilipili, na hakumwambia mtu. Alimwita Anold, akamshika mashavu kwa mikono miwili, akamsogeza karibu, karibu kabisa.

"Umeota ndevu," alisema. "Hukuniambia."

"Si ndevu hizo, baba. Ni chumvi."

Fanueli alicheka. Alicheka kwa kurusha kichwa nyuma, mdomo wazi, meno yake machache yote nje. Mama Yudith, aliyekuwa ameketi mchangani na kifuko cha mayai asiyoweza kuyala, alimtazama akasema moyoni kwamba hata likiwa kosa, ni kosa zuri. Hapo ndipo Yudith alipopiga picha.

Alikatazwa, anajua alikatazwa. Lakini ana miaka kumi na saba, na hajawahi kuwa na kitu cha kuonyesha. Akaiweka kwenye stetasi, baba yake anacheka majini, chini ameandika: *Baba yangu na bahari yake.* Hakuwa mjinga. Namba zote za kambini alizificha zisione. Aliyemsahau ni mwanafunzi mwenzake mmoja wa Muheza, ambaye pia ni rafiki wa Nasma, binti wa Asmahani.

*

Jioni ile Asmahani alikuwa amepiga magoti kwenye jiko la Consolata, akipuliza makumbi ya nazi yaliyogoma kushika. Jana yake yaliwaka mara moja. Asubuhi pia yaliwaka. Nasma aliingia na simu mkononi, akamwonyesha.

Asmahani aliifuta mikono kwenye khanga kabla ya kuishika simu.

"Huyu si Baba Yudith?"

"Ndiye."

"Hapa ni Bombo?"

"Ni Ushongo, mama. Yudith ameiweka leo, rafiki yetu kanitumia."

"Anacheka," alisema Asmahani, taratibu. Angemkuta kitandani amefungwa bandeji angelia. Alipomkuta anacheka namna ile, alikumbuka mwanamke aliyetoa pesa ya kusagisha, akakumbuka alivyosimama mlangoni kwa kila mtu akisema *tumsaidieni, jamani, mimi nawadhamini*. Kesho watamcheka yeye. Aibu ilimshika zaidi ya hasira.

"Njia ya mwongo fupi," alisema. Akaanza kuyatoa makumbi jikoni, moja moja, akiyaweka kwenye pindo lake.

"Mama, na moshi?"

"Makumbi ni yangu."

Asubuhi iliyofuata ilikuwa Saba Saba, lakini mkonge haujui sikukuu. Lori kutoka Kigoma liliingia na watu, na magodoro, na watoto wenye usingizi. Methusela, mnyapara, alipita akitazama majiko kama alivyopita jana jioni. Ni mtu mzima, amekata mkonge pamoja na Fanueli miaka mingi, na alisimama mbele ya nyumba ile kwa kitambo, akiombea moshi utoke. Haukutoka. Nyuma yake alisimama karani wa meneja.

"Mama Nasma," Methusela aliita. "Hawa wamekwenda wapi?"

Kwa desturi ya kambi, neno la jirani linatosha. Jirani akisema *wanarudi*, nyumba inasubiri. Asmahani alikuwa anafagia uwanja wake. Hakuinua kichwa.

"Mie sijui."

Methusela alingoja kidogo, labda angeongeza. Asmahani aliendelea kufagia mahali pale pale palipokwisha kuwa safi. Karani akafungua kamba ya katani.

*

Walirudi alasiri. Bodaboda ziliwashusha njia panda, wakaingia kwa miguu katikati ya mistari ya mkonge, Fanueli mkono begani kwa Anold. Jicho lilikuwa jekundu na linatoa machozi, na alikuwa akisimulia. Alisimulia jinsi Anold alivyoanguka. Alisimulia pweza aliyepikwa na Bi Saleha. Tangu aumie hakuwahi kusema maneno mengi hivyo kwa siku moja.

Consolata alitembea nyuma, kidole kwenye lile fundo la pindo lake. Alikuwa ameshapanga. Atasema hospitali wamekataa kumlaza, pesa hazikutumika, hizi hapa. Atakuwa amewarudishia. Atakuwa amebaki na uongo wake tu, na uongo peke yake unabebeka.

"Naona kambi," alisema Anold. "Moshi unatoka kwetu, mama."

Consolata aliinua macho. Ulikuwa unatoka kweli, mweupe, umenyooka juu ya bati lao. Alimshukuru Mungu moyoni.

"Mnaona?" Fanueli alisema kwa sauti kubwa. Hakuuona, alikuwa ameunusa. "Mnaona mtu huyo? Alisema atawasha, amewasha. Jirani wa namna hiyo ni ndugu. Mungu ambariki Asmahani, ambariki na kizazi chake."

Asmahani alikuwa barazani kwake, hatua chache tu, na aliyasikia yote. Miguuni pake kulikuwa na godoro lililokunjwa, sufuria, ndoo ya kukalia, madaftari ya shule, na picha ya harusi ya Fanueli na Consolata imeelekezwa ukutani. Yudith ndiye aliyeviona kwanza. Kisha akamwona Nasma mlangoni, na Nasma akatazama chini, na Yudith akaelewa. Mkono ulikwenda kwenye simu kana kwamba bado kuna kitu cha kufuta.

Fanueli aliufikia mlango wake. Alipapasa kamba ya katani, hakuipata. Mlango ulifunguliwa kwa ndani.

"Karibu, baba," ilisema sauti ya mwanamke asiyemjua, lafudhi ya mbali, mtoto analia nyuma yake. "Unamtafuta nani?"

Alisimama na mkono wake hewani. Kisha akaushusha, akaupangusa kwenye suruali yenye chumvi.

"Mama Nasma," Consolata alianza. Alifungua fundo kwa meno. "Pesa zenu hizi. Zote. Sikuzigusa, wallahi sikuzigusa."

"Pesa gani?" aliuliza Fanueli. "Mama Yudith, pesa gani?"

Alizungusha kichwa kutoka sauti hadi sauti, akitafuta uso wa mkewe, na ilikuwa wazi kwa wote kwamba hauoni.

Asmahani hakuzipokea. Yule mwanamke mwenye sauti ya kuita shamba zima, alichosema kilisikika kwa shida.

"Nilitaka uone haya, mwenzangu. Haya tu. Sikutaka uhame."

"Najua," alisema Consolata.

"Nimemfuata Methusela mchana. Nimempigia magoti. Amesema jina la mwingine limeshaandikwa."

"Najua."

Anold alianza kubeba vitu, akivitoa barazani bila kujua anavipeleka wapi. Yudith alikaa chini pale pale uwanjani. Jua lilikuwa linashuka, wenye makwao walikuwa wanasonga ugali, na watoto hawakuwa wamekula tangu Pangani.

Yule mwanamke wa Kigoma alitoka tena, mtoto mgongoni. Alikuwa ameyasikia mambo nusu nusu, na aliyoyasikia yalimtisha, kwa maana naye alikuwa ametembea mbali kuja hapa. Alikuwa ameshika kigae, juu yake makaa mawili mekundu.

"Mama," alimwambia Consolata, "kama mnataka kupika, chukueni moto."

Consolata aliyatazama yale makaa. Akainama akakipokea kigae kwa mikono miwili, kama mgeni anavyopokea.

"Ahsante," alisema, akamwuliza mumewe wawashe wapi.